Kijarida Alichosoma Mama

Harufu ya wino katika duka la kuchapisha hapa Masasi imenikumbusha kijarida cha kijiji chetu kipya. Mama alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo. Siku kilipotufikia alikisoma mwenyewe, akifuata maneno kwa kidole.

"Wanakijiji... wamehama... kwa furaha."

Akanigeukia. "Mwanangu, hawa waliofurahi ni sisi?"

"Ndiyo, mama."

Nyumba yetu kule kwenye mikorosho mgambo waliichoma huku tukitazama. Bibi walimbeba mzobemzobe hadi kwenye lori, akafa kabla ya mwezi kuisha.

Mama alirudia mstari ule polepole, bila kukosea hata silabi, akanipa kijarida. Kengele ya kisomo ilipolia jioni ile, hakuinuka.