Kurasa Kumi na Sita Ambazo Sikuziandika

Nilisimama mbele za watu kusoma kitabu changu mwenyewe, chenye jina langu mbele na picha yangu nyuma, na ukurasa niliofungua sikuuandika mimi.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa naota. Kitabu kilikuwa changu, nimekigharamia mwenyewe mpaka gundi.

Ngojeni niwasimulie, maana kisa hiki kilianzia kwenye kijicho, na kijicho chenyewe kilikuwa changu.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu na kikausha nywele kimoja kinachounguruma kama trekta. Kwa miaka nilikuwa naandika riwaya kwenye simu, wateja wakisubiri nywele zikauke.

Nikaipeleka kwa wachapishaji. Kimya. Hata tusi hawakunitumia.

Basi nikasema, nitachapa mwenyewe.

Siku namweleza mume wangu tukiwa mezani, dada yake alikuwepo. Wifi yangu huyo anafanya kazi benki, dirishani. Ni yule anayekutabasamia hata akikuambia salio halitoshi. Kila mtu anampenda. Mimi nilikuwa nampenda kwa kujikaza, maana tangu mama mkwe afariki hajawahi kukanyaga saluni kwangu. Kichwa chake amekifunga kitambaa mwaka mzima, ilhali wifi yake msusi nipo hapa.

Akaweka kijiko chini.

"Makubwa! Wifi, mbona na mimi nina kitabu?"

"Kitabu gani tena?"

"Cha mama. Nimeandika jinsi tulivyomuuguza. Nilikuwa sijui pa kukipeleka. Twende wote kwa huyo mchapaji."

"Familia ya waandishi hii!" mume wangu akadakia kwa furaha tele.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Wazo nitoe mimi, mboni za macho zinitoke mimi, halafu yeye aje nyuma kama mkia wa mbuzi na aitwe mwandishi!

Mchapaji tulimwita Gundi, maana vidole vyake havikuwahi kukosa gundi. Mimi nilikuwa nimepanga kitabu kidogo, cha kuingia kwenye pochi. Wifi akachagua kikubwa, karatasi nzuri ya rangi ya maziwa.

Nikaipapasa ile karatasi.

"Na changu kiwe hivyohivyo," nikasema.

Gundi akatutazama. "Ukubwa mmoja, karatasi moja, herufi moja? Sawa. Nitamaliza cha huyu, halafu chako."

"Hapana. Vitoke siku moja."

Nilijua cha wifi kikitangulia hata kwa saa moja, ukoo mzima utasema yeye ndiye mwandishi wa kwanza.

"Dada yangu," Gundi akasema, "kitabu kinakunjwa kwa mafungu. Kila fungu kurasa kumi na sita. Tunayapanga mezani, tunayakusanya, tunayagundisha. Vitabu viwili pacha kwenye meza moja si kazi nzuri."

"Kwani wewe si fundi?"

Akachukua kalamu akaandika oda. Mwanaume ukimuuliza hivyo mbele ya wafanyakazi wake, hakatai kazi.

Vikatoka siku moja, kama nilivyotaka.

Nilikinusa kitabu changu. Nilikibusu. Nililiangalia jina langu mpaka macho yakaniwasha. Ila ndani sikufungua. Anayejua kazi hii atanielewa: ukishalisoma andiko lako mara mia, halafu limeshachapwa, unaogopa kukutana na kosa ambalo huwezi tena kulifuta.

Jioni ileile, kupitia dirishani, nikamwona wifi amefika mlangoni kwangu. Ameshika karatasi. Alisimama, akainua mkono kama anayetaka kugonga, halafu akageuka akaenda zake.

"Umemwona dada yako?" nikamwambia mume wangu. "Ameshaanza kuringa. Mlango wa mwandishi mwenzake haugongi."

"Labda amesahau kitu."

"Amesahau adabu."

Vitabu vya wifi vikaanza kutembea. Vilinunuliwa pale benki, vikanunuliwa na majirani, vikanunuliwa na mashangazi ambao hata miwani hawana. Kila nikifungua simu nakutana na jalada lake. Nakala yangu ya kitabu hicho aliniletea mume wangu, si yeye. Nikafunua jani la kwanza nione ameniandikia nini. Hakuna hata neno.

Sikuisoma. Dirisha la saluni lina tabia ya kujifunga likipigwa na upepo, nikaichomeka pale. Ikafaa sana.

Vyangu je? Vilikaa rafuni pembeni ya mafuta ya nywele. Mteja mmoja alichukua kimoja, nikafurahi, kumbe anatafuta pa kuwekea kikombe.

Ndugu zangu, wivu unachosha. Unalala umechoka na unaamka umechoka. Nilikuwa nikisikia mtu anamsifia wifi, chanuo linaenda kwa nguvu na mteja anapiga kelele.

Sasa siku moja, muuguzi mmoja mstaafu tunayemwita Sista alikuwa amekaa chini ya kikausha nywele anasoma kitabu changu. Ghafla nikaona machozi yanamtiririka.

Nikakimbilia kupunguza joto.

"Acha, siungui," akasema. "Ni hapa, ukurasa wa arobaini na tisa. Nimeuguza watu maisha yangu yote, sijaona aliyeandika kitanda cha mgonjwa namna hii. Na ule ujanja wako wa kumleta msimulizi mwingine bila kubisha hodi!"

Riwaya yangu ina wasimulizi watatu, nilijifanya fundi. Na kuna tajiri mmoja ndani yake anayelazwa hospitalini baada ya kulishwa sumu na wifi yake. Nikajua ni hapo. Nikaitikia kwa kichwa kama mwenye mali.

"Tuna kikundi cha wasomaji pale maktaba," Sista akaendelea. "Jumamosi uje utusomee sehemu hiyohiyo. Kila mtu ataipenda."

Weee! Nusura nimuunguze kweli.

Unajua nilimpigia nani simu kwanza?

"Wifi, Jumamosi nimealikwa kusoma maktaba. Wewe wameshakualika popote?"

"Bado."

"Basi njoo unione. Nitasoma kuanzia ukurasa wa arobaini na tisa."

"Arobaini na tisa?" akauliza mara mbili.

"Nitakuja," akasema.

Chumba cha kusomea kilijaa. Mume wangu alikaa mbele, shati limepigwa pasi. Wifi aliingia mwisho, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, kitambaa kichwani. Nikafurahi kwamba yuko nyuma na mimi niko mbele.

Sista akanitambulisha. Nikafungua ukurasa wa arobaini na tisa, nikakohoa kidogo kama waandishi wanavyokohoa, nikaanza.

"Mama alikuwa hataki tena uji wangu. Nilikuwa nikimlisha ananitazama kama mgeni, lakini Jumamosi ikifika anauliza: mwenye mkono mwepesi hajaja?"

Nikakwama.

Hakukuwa na tajiri. Hakukuwa na sumu. Nikatazama juu ya ukurasa: arobaini na tisa. Nikatazama jalada: jina langu.

"Endelea, mwanangu," Sista akasema kwa upole. Alidhani nimezidiwa na hisia.

Ningefanya nini? Watu wameshatega masikio. Nikaendelea.

"Wifi yangu alikuja na chanuo lake na chupa ya mafuta. Alikuwa amefunga saluni yake siku yenye wateja wengi kuliko zote. Alipanda kitandani, akaweka kichwa cha mama mapajani, akamsuka mistari mikubwa, laini, isiyomuumiza akilala."

Hapo nikajua ni kurasa za nani. Na nikajua yule wifi ni nani.

Nilisoma mambo niliyokuwa nimeyasahau. Jinsi nilivyokuwa nikimwimbia mama mkwe kwa sauti mbovu mpaka anacheka. Jinsi nilivyofua mashuka yake nikasema ni ya saluni ili asione haya. Yote yaliandikwa vizuri, wala hakuniongezea sifa. Sijawahi kuandika vizuri hivyo. Hilo nalo liliniuma, palepale, nikiwa nasoma habari zangu mwenyewe.

Sikuthubutu kuangalia nyuma.

Nikafika chini ya ukurasa wa sitini na nne.

"Mama alikata roho kichwa kikiwa mapajani mwa wifi yangu, upande mmoja umesukwa, upande mmoja bado. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Na kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni. Kilikuwa..."

Nikahamia ukurasa wa sitini na tano. Huko tajiri wangu alikuwa anawasha gari.

Chumba kizima kilisubiri. Ningeweza kufunga kitabu pale, nikainamisha kichwa, na makofi yangekuwa yangu. Nawaambia ukweli, niliwaza kufanya hivyo.

"Kilikuwa wivu," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu wakageuka. Wifi alikuwa amesimama.

Sista akanitazama, akamtazama. "Na huyu amejuaje?"

"Kwa sababu ameandika yeye," nikasema. "Kurasa hizi si zangu. Mchapaji alichanganya mafungu. Mwandishi mnayempenda ndiye huyo pale."

Walipiga makofi, wote wameelekeza nyuso nyuma. Mimi nikabaki naangalia visogo.

Tulipotoka, wifi aliniita pembeni ya ngazi. Akatoa kwenye mkoba fungu la kurasa, limechakaa kwa kukunjwa.

"Zako hizi. Zilikuwa kwenye kitabu changu. Mimi nilikifungua siku ileile, nikarudisha vyote kwa Gundi akavirekebisha. Akasema, mwambie na mwenzako. Nikaja kwako nikuambie."

"Nilikuona mlangoni. Mbona hukugonga?"

"Nilikuwa nimezisoma njiani."

Nikakumbuka kilichomo.

Yule wifi wa kwenye riwaya yangu, mlisha sumu, anatabasamu hata akikuambia habari mbaya. Anacheka kwa kupitia puani. Na amevaa viatu vya njano.

Nikatazama chini. Wifi alikuwa amevaa viatu vyake vya njano.

"Mimi nilikuonea wivu nikakuandika vizuri," akasema. "Wewe umenionea wivu ukanipa sumu mkononi."

Nilitamani ardhi inimeze. "Nitambadilisha, wifi. Leoleo."

"Usimbadilishe, anachekesha," akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka, tena kwa kupitia puani. "Ila mvue viatu vyangu."

Tulicheka, tukalia, mume wangu akaja akatukuta hivyo, akarudi alikotoka bila kuuliza.

Lakini sijawaambia kilichonimaliza.

Nilipitia saluni kabla ya kwenda nyumbani. Nikachomoa kitabu cha wifi dirishani, jalada limepauka kwa jua. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa sitini na tano, nione baada ya neno lile alisema nini.

Aliandika: "Nilimwona anamalizia kumsuka mama upande wa pili, ilhali mama ameshaondoka, ili asizikwe na nywele nusu. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa kichwa changu. Naona aibu kukaa kwenye kiti chake baada ya kumwonea wivu siku kama ile. Wifi yangu akifika ukurasa huu, naomba aniite tu. Nitakuja."

Ombi hilo lilikuwa limezuia dirisha langu muda wote ule, na mimi nikilalamika kwamba hanijii.

Nikampigia simu.

Alikuja. Nikamfungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimeshikana vibaya, nikazichambua taratibu, sikuvuta hata moja.

Gundi alinirekebishia nakala zilizobaki. Hakusema "si nilikuambia," ila alinitazama kwa namna ambayo ingekuwa heri aseme. Na kitabu cha wifi bado kinauzwa kuliko changu, na bado kuna siku naumia. Siku hizo namwambia mwenyewe, ananicheka.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuchapa kitabu chako cha kwanza, sikia neno la msusi. Usiige ukubwa wa kitabu cha mwenzako. Chako kikitoka, kifungue ukikague hata kama unaogopa. Na mwenzako akikupa cha kwake, kisome kwanza, halafu ndiyo utafute kitu kingine cha kuzuia dirisha.