Zabibu za Mheshimiwa

Baba yangu mdogo alikuwa na shamba la zabibu ambalo hakuwahi kulishikia jembe. Lilikuwa nje ya mji, kwenye udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi huonekana kama umeapa kutootesha kitu tena, na kila msimu lilizaa. Sisi watoto wa ukoo tulipelekwa kule tukala mpaka midomo ikawa myeusi, tukarudi tumekaa nyuma ya gari tukitemea mbegu barabarani, tukiamini kwamba baba mdogo ana mkono wa baraka. Mikono ilikuwepo. Haikuwa yake.

Miaka hiyo alikuwa hakimu katika mahakama moja ya wilayani. Wenye makosa madogo, kama mtu ambaye mbuzi wake wamekula shamba la jirani, au mama aliyekutwa anapika gongo, hakuwapeleka jela. Aliwapa adhabu ya huduma kwa jamii. Kisheria maana yake ni kwamba mkosaji anafanya kazi ya umma bila malipo: anafagia zahanati, anachimba mtaro wa shule. Lakini baadhi yao, walipofika asubuhi kuripoti, walipakiwa kwenye gari la baba mdogo na kushushwa katikati ya mizabibu yake. Jamii waliyoihudumia ilikuwa na mke mmoja, watoto watatu na mbwa wa kizungu.

Haya niliyajua ukubwani, pale jina lake lilipoanza kutajwa kwamba huenda akawa jaji. Kwetu mtu anayependekezwa cheo kama hicho haambiwi, na kila mtu anajua. Watu wa upekuzi, ambao kazi yao ni kuulizia tabia zake kimyakimya, walifika Makole, mtaani kwa baba mdogo, wakijifanya wanatafuta chumba cha kupanga. Walikuwa mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa na mwanamke mwenye mkoba mkubwa. Bei ya chumba waliiuliza mara moja. Habari za baba mdogo waliziuliza asubuhi nzima. Mama muuza chapati pale kwenye kona aliwajibu, "Vyumba vipo wanangu, ila huyo mnayemuulizia hapangishi." Jioni mtaa wote ulikuwa unajua, na mama mdogo alishaita fundi wa kupaka geti rangi.

Wapekuzi hawakuishia mtaani. Walikwenda mpaka kijijini kwenye shamba la zabibu, na huko mama mmoja aliyewahi kuitumikia adhabu yake pale akawaeleza yote. Habari zilifika mjini kabla hata wao wenyewe hawajarudi.

Basi ukoo ukaunda kamati. Sisi hatujui njia nyingine ya kukabili jambo. Ilitangazwa kwamba baba mdogo na mama mdogo watafanya jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Ndoa yenyewe ilikuwa haijafikisha miaka hiyo, lakini hakuna aliyehesabu kwa sauti. Shangazi, dada yake baba mdogo, mwanamke ambaye hata salamu yake ina ajenda, akawa mwenyekiti. Mimi nikawa katibu kwa sababu ninaandika riwaya. Wenzangu tunaokutana Jumamosi kusomeana miswada huniuliza wahusika wangu wanataka nini maishani. Ukoo wangu unajua tu kwamba mwandishi ni mtu awezaye kuandika risala ikawaliza wageni.

Tulikaa sebuleni kwa baba mdogo, kwenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Tukajadili ukumbi, kisha vinywaji, kisha keki. Tuhuma dhidi ya mtu anayetaka kukaa juu ya mahakimu wengine ziliwekwa kwenye mengineyo, baada ya keki.

"Huyo mama anataka nini hasa?" shangazi akauliza.

"Anatumiwa," akasema baba mdogo. "Kuna watu wanamtumia."

Nilikunywa maji nisicheke. Aliyepata kumtumia yule mama alikuwa amekaa mbele yangu, anachokonoa meno.

Binamu yangu ambaye ni wakili akakohoa. Huwa anakohoa kabla ya kusema uongo wa kisomi. "Tukubaliane kwanza. Kisheria hakuna tatizo. Adhabu ilitolewa, adhabu ikatumikiwa. Mahali pa kuitumikia ni suala la kiutawala tu."

"Na shamba lilikuwa la nani?" nikauliza.

"Wewe katibu," akasema shangazi, "kazi yako ni kuandika. Andika."

Halafu akaegemea nyuma, akatutolea busara yake. Katika sherehe zetu mwenye shughuli hukata keki, akawaita mmoja mmoja anaotaka kuwaheshimu, akawalisha kwa mkono wake huku kamera zikimulika. Wakwe hulishwa. Mabosi hulishwa. Basi yule mama naye aalikwe, aitwe mbele, alishwe keki na baba mdogo, apigwe picha, na picha isambazwe mpaka iwafikie wale watafuta vyumba.

"Nani atamsikiliza mtu anayeusema vibaya mkono uliomlisha?" akauliza.

Baba mdogo alimtazama dada yake kwa shukrani, kama hakimu mvivu aliyeletewa hukumu ikiwa imeshaandikwa.

Siku ya Jumapili shangazi akanichukua kwenda kijijini, doti ya kitenge kwenye mfuko wa nailoni. Tulimkuta mama mwenyewe anaanika mlenda juu ya kipande cha bati.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo.

Shangazi akamjibu kwa Kiswahili cha sauti ya juu, kama vile mwenzake ni kiziwi. Mimi nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanitazama sana. "Wewe si mmoja wa wale watoto waliokuwa wanatema mbegu garini?"

Nikakubali. Akacheka, akatupa kigoda kimoja na ndoo iliyofunikwa, tukakaa. Hakutuzungusha.

"Pombe nilipika, sikatai. Adhabu nilistahili. Lakini mvua ya kwanza ilinyesha mimi niko kwenye mizabibu yake. Wenzangu wanapanda uwele, mimi napalilia zabibu. Nilipomaliza, ardhi ilikuwa imeshakauka, na hapa kwetu mvua ikikupita imekupita. Mwaka ule sikuvuna hata kikapu."

"Pole mama," akasema shangazi, huku anautoa mfuko.

"Subiri. Sijamaliza. Watu hapa waliniona kila asubuhi napanda gari la mheshimiwa. Wakasema huyu kapata kazi ya mshahara. Nilipokwenda kuomba unga, majirani zangu wale pale wakanicheka. 'Kaombe kwa tajiri wako.' Nimewaambia mpaka leo, hawaamini. Wanasema hakimu hawezi kufanya hivyo, hakimu anajua sheria."

"Kwa hiyo unataka fidia?"

"Sitaki hela yake. Nataka aseme. Kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba nilimlimia kama mfungwa wake, hakuniajiri. Basi."

Shangazi hakufikiri hata kidogo. "Atasema, mama. Wewe njoo tu kwenye sherehe. Atasema mbele ya kila mtu."

Njiani alikuwa amefurahi mno, anapiga usukani kwa vidole. "Umeona? Wala hakuna kesi. Mtu anataka maneno tu."

"Kwa hiyo baba mdogo atayasema?"

"Aseme nini? Hebu niandikie risala, mtoto wewe."

Siku ya jubilei ilifika na joto lake. Baba mdogo na mama mdogo walikalishwa kwenye viti virefu vya dhahabu, yaani mbao za fundi wa Kizota zilizopakwa rangi. Katikati ya kila meza paliwekwa sahani ya zabibu za shambani kwake. Wageni walikula na kusifu. Binamu yangu wakili alikula za meza mbili.

Yule mama alikuja. Hakuja peke yake. Alikuja na wanawake wawili wa makamo waliovaa nguo zao za kanisani, na niliwatambua mara moja kwa jinsi walivyokuwa wakitazama chini: ndio wale majirani waliomcheka. Amewaleta wasikie. Kitenge cha shangazi hakukivaa. Alivaa gauni lake la kijani, limepigwa pasi likasimama.

Keki ikakatwa. Wakwe wakalishwa, wazee wa kanisa wakalishwa, mtu mmoja wa wizarani akalishwa vipande viwili. Kisha mshereheshaji, kijana mwenye koti la kumetameta ambaye alikuwa amefundishwa na shangazi, akapaza sauti:

"Sasa nataka mtu maalumu! Nataka mama yetu wa shambani! Mama aliyezilea hizi zabibu mnazokula! Mama, twende kazi, njoo na mwendo wa madaha!"

Muziki ukapigwa. Mama akaja mbele kwa mwendo wake wa kawaida. Baba mdogo akainuka, akachoma kipande cha keki kwa kijiti cha meno, akakileta mpaka mdomoni mwa yule mama, uso wake ukiwa umeigeukia kamera.

"Sema kwanza," mama akasema.

Mshereheshaji akarukia. "Aah! Mama anataka maneno matamu kabla ya keki! Akina baba mnasikia?"

Ukumbi ukacheka. Baba mdogo naye akacheka, meno yote nje. "Kula mama. Tutaongea baadaye."

"Sema sasa. Watu wapo."

"Kula kwanza, mama yangu. Unanichosha mkono."

Hakufungua mdomo. Alisimama pale ameufunga kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesubiri zamu yake mahakamani. Krimu ikaanza kuyeyuka, ikateremka kwenye kidole gumba cha baba mdogo, ikaingia ndani ya mkono wa shati. Kamera zilimulika. Nilimwona mtu mzima, msomi, mlinzi wa haki, anamsukumia mwanamke keki kwenye midomo iliyofungwa huku anatabasamu, na sikumwona kuwa mkatili. Ukatili una uzito fulani. Nilimwona mwepesi, kama karatasi ya kufungia maandazi.

Shangazi akampa ishara mpiga muziki, sauti ikapandishwa. Mama akageuka, akarudi mezani, akawagusa wenzake mabegani. Mmoja wao alikuwa ameshika kishada cha zabibu. Akakitazama, akamtazama rafiki yake, kisha akakirudisha kwenye sahani polepole. Wakatoka.

Nikawafuata mpaka nje. Risala aliisoma binamu yangu. Nasikia watu walilia.

"Shangazi yako aliniambia atasema," mama akaniambia.

"Alikudanganya, mama."

"Na wewe ulikuwepo anavyonidanganya."

Nilikuwepo. Wakapanda bodaboda mbili, wakaenda zao.

Shangazi alizipitia picha zote, akachagua moja, akaituma kwenye makundi yote ya simu aliyomo, chini yake ameandika kwamba upendo hauchagui. Nilimuuliza mbona mama yule amefunga mdomo.

"Anatafuna," akasema.

Na ukoo mzima, wenye shahada na wasio nazo, ukakubaliana kwamba anatafuna.

Majina ya majaji wapya yalitangazwa muda si mrefu baadaye. Lake halikuwemo. Hakuna aliyeeleza sababu, maana mambo hayo hayaelezwi. Ila kamati haikuvunjwa, kwa matumaini ya awamu nyingine. Baba mdogo, aliyetumia maisha yake kuwaambia wanakijiji kwamba mahakama haisikilizi habari za laana, akaanza kukosa usingizi kwa sababu ya chozi la yule mama. Alianza kusema hivyo kwa utani. Mara ya nne haukuwa utani tena. Ndipo akaniomba nimpeleke, kwani njia ya kwenda shambani aliijua akiwa amefumba macho, lakini nyumba ya aliyemlimia hakuijua.

Tulikwenda mvua za kwanza zikiwa zimeshaanguka. Udongo ulinukia, na mabonde yote yalikuwa na watu walioinama. Mama alikuwa kwenye shamba lake anapanda uwele: anapiga jembe, anadondosha mbegu, anafukia kwa mguu. Mbali kidogo, upande wa pili wa korongo, majirani zake wawili walikuwa wanapanda mashamba yao.

Baba mdogo alikaa ndani ya gari kwa muda mrefu, vioo vimepandishwa, akiangalia viatu vyake. Mwishowe akatoka, akasimama ukingoni mwa shamba pale ambapo majani yalikuwa makavu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Alipohakikisha kwamba ni mimi tu, na mimi ni wa nyumbani, akasema:

"Mama, ni kweli. Ulinilimia. Haikuwa halali."

Kwa hiyo alikuwa anayajua maneno yenyewe siku zote, tena machache kiasi hicho.

Mama akamalizia shimo lake. Akanyoosha mgongo. "Unasemaje?"

Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi kuliko mara ya kwanza.

"Sisikii, mheshimiwa. Upepo mwingi."

Hapakuwa na upepo. Kwa mji wetu, ambao hauishiwi upepo, hilo ni jambo la kukumbukwa: hata jani la mkwaju wa pale barabarani halikutikisika.

"Majirani zangu wale kule," mama akasema, akinyoosha jembe kuelekea korongoni. "Wao masikio yao ni mazima. Kawaambie."

Baba mdogo aliwatazama wale wanawake. Aliutazama ule udongo ulioloa, mwekundu, uliotandaa kati yake na wao. Akavitazama tena viatu. Kisha akarudi garini, na mama akainama, akaendelea na mstari wake.

Tulirudi mpaka tukaanza kuziona nyumba za mjini. Hapo baba mdogo akakohoa, akaniambia kwamba yule mama masikio yameanza kumchoka, maskini, na kwamba kwa hali ile hata ushahidi wake aliowapa wapekuzi unaweza kupingwa.