Mwanachama wa Kilabu

Baba mdogo Anastazi alijiharibia mwenyewe, tena kanisani, tena kwenye kipindi cha shukrani. Alisimama na suruali yake iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, akakohoa, akasema, "Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu, nimepokelewa kuwa mwanachama wa kilabu."

"Ameni" haikutoka. Kwetu Bugarama kilabu ni cha pombe ya ndizi tu, chenye mabenchi ya magogo na wanaume wanaolala na viatu. Mama Claudia, mkewe, aliinamisha kichwa kana kwamba anatafuta sindano sakafuni.

"Cha wazungu," Anastazi akaongeza, akidhani anarekebisha.

Na kweli kilikuwa cha wazungu. Mwaka ule wa tisini na nne wakimbizi walimiminika kutoka Rwanda, na waandishi wa habari wa nchi za nje wakamiminika nyuma yao. Pale Ngara mjini wakakodi nyumba iliyokuwa gesti, wakaweka friji, jenereta na simu ya setilaiti, wakaiita klabu. Bila kadi huingii.

Anastazi alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana wa seminari, kichwani kumejaa Kifaransa, mfukoni hamna kitu. Miaka ishirini na miwili Kifaransa hicho alikuwa akiisemesha migomba. Halafu Mbelgiji mmoja, Bwana Pita, akakigundua. Wakazunguka kambi ya Benaco pamoja miezi mitano, mkimbizi akilia kwa Kinyarwanda, Anastazi akimlilia Pita kwa Kifaransa. Kuna mama aliyekataa kabisa kusema. Anastazi alichuchumaa naye saa mbili nzima, wakichambua maharage, mpaka akasema. Habari ile ilimpa Pita jina kwao. Ndipo akampa Anastazi kadi, akamkumbatia: "Sasa wewe ni mwenzetu."

Kadi ilikuwa na picha yake na neno moja kubwa la Kiingereza. Kiingereza hakukijua, akalisoma kwa kulitamka: gesti. Akaona sawa, nyumba si ilikuwa gesti? Angenionyesha mimi ningemwambia, lakini alinionyesha upande wa picha tu.

Kesho yake wazee wa kanisa wakamwita. Mzee Celestini, mwenyekiti wao, aliigeuzageuza kadi kama anayetafuta bei.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Anastazi, kirabu umekiri mwenyewe. Na hapa pameandikwaje?"

"Gesti, mzee."

"Kirabu na gesti, kadi moja! Ndugu yangu, umeturahisishia kazi."

"Lakini mimi huko nakunywa Fanta tu!"

"Wote wanaokutwa gesti walikuwa wanakunywa Fanta."

Lingekuwa la kucheka, ila Claudia, binti yake wa pekee, alikuwa anafunga ndoa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kanisani kwetu mzazi aliyetengwa hamshiki bintiye mkono kumpeleka mbele. Anakaa nje kama amekuja kuuza karanga. Wazee wakampa nafasi moja: alete barua yenye muhuri, iseme kwamba ile ni klabu ya kazi na yeye ni mwanachama kwa kazi yake.

"Hilo tu?" alisema Anastazi. Asubuhi akadandia lori.

Mwezi ule katibu wa klabu alikuwa Pita mwenyewe. Alisikiliza, akacheka mpaka akashika meza, akawaita wenzake waje wasikie. Anastazi akacheka nao. Kisha Pita akafungua daftari la wanachama, na kicheko kikamwisha.

"Rafiki yangu, mwanachama ni yule anayeandika. Siwezi kuweka uongo kwenye karatasi ya klabu."

"Wewe uliandika. Nani alisema?"

"Wakimbizi ndio waliosema."

"Kwa Kifaransa?"

Pita akavuta karatasi ya klabu. Akapiga taipu mistari mitatu kwa Kiingereza, lugha ya klabu, akagonga muhuri, akampigapiga begani. "Hii itakusaidia."

Kwenye kikao aliyejua Kiingereza alikuwa Mwalimu Ntirampeba peke yake. Akasimama, akatafsiri: "Klabu inathibitisha kwamba Bwana Anastazi si mwanachama. Ni mgeni tu, anayeruhusiwa kuingia baa akifuatana na mwanachama."

Baa. Muhuri ulikuwa mzuri, wa bluu.

Mwalimu akarudia kuisoma, akitafuta neno la kuilainisha, akalikosa. Angekuwa Anastazi ndiye mkalimani, angelipata.

Nyumbani Mama Claudia aliuliza jambo moja tu. "Ni yule yule uliyekuwa unampelekea maparachichi yangu?"

"Ndiye."

Jumamosi Claudia alishikwa mkono na mjomba wake. Anastazi alisimama nje, karibu na dirisha, amevaa suti aliyoishonesha kwa siku hiyo. Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha gari likaja na vumbi lake, Pita akaruka chini, kamera begani.

"Anastazi! Twende, haraka! Kambini kuna watu wanafungasha!"

Anastazi akageuka. Alimjibu kwa Kirundi, ambacho kwetu mpakani kila mtu anakielewa, polepole, maneno marefu, bila kupandisha sauti. Kina mama waliokuwa mlangoni wakisubiri kupiga vigelegele wakaziba midomo kwa khanga.

Pita akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Anasema nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Jamani, anasema nini?"

Tukamwangalia tu.