Mboga za Mama Ndani ya Madebe

Harufu ya samadi ya mbuzi iliyolowekwa majini huwafanya watu wengi wazibe pua. Mimi hunipandisha hasira. Msimu mmoja wa miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo hapa Matongo, nyumba yetu yote ilinuka hivyo, mpaka mablanketi na nywele zetu, na sababu yake ilikuwa baba yangu mdogo, Marwa. Baba alikuwa amefariki baada ya mavuno. Matanga hayajapoa, Marwa akamwambia mama kwamba yeye ndiye atakayemrithi. Mama akakataa. Marwa hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Bhoke, jembe lako lisiguse udongo wa kaka yangu mpaka mji huu uwe na mwanamume. Ukishindwa kuwalisha watoto, watakuja kwangu." Bhoke ni mimi. Mtoto mwingine alikuwa mdogo wangu Chacha, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa.

Mama hakulia mbele yetu. Chini ya zizi, mahali mkojo wa ng'ombe ulipopita kwenye kokoto, mchicha ulikuwa umeota wenyewe, mnene kuliko wa shambani. Mama aling'oa mche mmoja akaitazama mizizi yake myeupe iliyoshika vijiwe vitupu. Siku zilizofuata tulibeba kokoto kutoka kijitoni, tukaziosha mpaka maji yakatoka safi. Alipasua madebe ya mafuta ya taa kwa urefu, akatoboa kila moja tundu chini, akaliziba kwa kigunzi cha muhindi. Akatoboa pia ukuta wa nyumba upande wa mawio, ili jua liingie. Nje asingethubutu, maana Marwa angeng'oa kila kitu. Mbegu za mchicha na mgagani tuliziotesha kwenye kitambaa kibichi, kisha tukaipandikiza miche kwenye kokoto. Ya kwanza iliungua, kwa kuwa maji ya samadi yalikuwa makali. Ya pili ilioza mizizi, kwa kuwa tuliyaacha maji yatuame. Hapo ndipo mama alipojua: maji ya samadi yazimuliwe mpaka yafanane na chai nyepesi, yajazwe asubuhi, kisha kigunzi kichomolewe yadondoke chunguni, na jioni yarudishwe. Kazi ya kuchomoa vigunzi ilikuwa yangu. Kiangazi kilipokolea na mboga zikaadimika kijijini, wanawake walikuja kwetu na unga wa mtama kwenye vibuyu, wakaondoka na mgagani chini ya khanga zao. Chacha alinenepa. Mama alianza hata kuimba akisonga ugali.

Bila shaka habari zilimfikia Marwa. Alikuja na wazee watatu wa ukoo, tukawaamkia shikamoo, wakaingia mmoja mmoja wakiinamisha vichwa. Mzee mkubwa kuliko wote aliingiza kidole kwenye debe, akakitoa, akakitazama.

"Marwa, udongo uko wapi hapa? Nionyeshe nimtoze faini."

"Na hizo kokoto? Kijito si cha ukoo?"

"Basi na ng'ombe wako wanaokunywa pale tuwatoze."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mama naye alitabasamu, na mimi nikadhani tumeshinda. Marwa alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sawa. Nyumba abaki nayo, na binti abaki naye. Lakini mtoto wa kiume ni wa ukoo." Nilimtazama yule mzee mcheshi, nikingoja amrudishie neno. Aliangalia chini. "Hilo ni kweli," akasema. Basi. Mtu aliyejua kucheka vizuri namna ile hakujua kusema hapana. Marwa alimbeba Chacha begani, na mtoto alipita mlangoni akinyoosha mikono kwa mama. Mama aliwafuata mpaka nje ya boma, wanaume wakamzuia. Madebe hakuyagusa mtu. Mboga zikaendelea kustawi, nami nikazichukia.

Siku hizi mjane wa hapa kwetu analima shamba la marehemu mumewe, na akinyang'anywa anajua mlango wa kubisha. Nimewaona wakisimama mbele ya baraza na kusikilizwa. Nafurahi kwa ajili yao, na sitadanganya, nafurahi kwa uchungu. Marwa amekufa, na wale wazee wote wamekufa. Kanisani wananiambia nisamehe, nami nawauliza nimwendee nani. Chacha alilelewa upande wa pili wa kilima. Hakupigwa wala hakunyimwa chakula, ila alifundishwa kumwita mama "yule mama wa pale," na mtoto hushika anachofundishwa. Tulipomzika mama, Chacha alikuwa mzee mwenye mvi. Alinijia kabla ya ibada, kofia mkononi, akaniita pembeni. Akiwa mtoto wa kiume, alitakiwa asimame asome wasifu wa marehemu. "Dada," akasema, "niambie alikuwa mtu wa namna gani."