Ukuta Uliopakwa Rangi Kabla ya Kukauka

Cassien amepaka rangi nyumba za mtaa wetu wa Kimisagara kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipotoka Bujumbura. Ukuta huupima kwa mgongo wa mkono: huuweka hapo, husubiri, kisha hukwambia maji yamepanda hadi wapi. Tofali la udongo, husema, linapumua. Ukilifunga kwa saruji na rangi ya mafuta likiwa bado na maji tumboni, kuvu italila kimya kimya.

Mwezi wa nne maji ya mlimani yaliingia kwa Daphrose, mjane jirani yake, yakakaa chumbani siku mbili. Yalipotoka, ukuta wa nyuma uliota kuvu nyeusi na kifua cha Daphrose kikaanza kupiga filimbi. Muuguzi akamkataza kulala humo mpaka kuta zikauke. Akahamia Masaka, pembezoni mwa jiji, kwa bintiye Aurore, watu sita chumba kimoja, akisubiri tu kurudi kwake.

Cassien alimwahidi kuitengeneza bure. Kwanza mfereji nyuma ya nyumba, na udongo uliolalia ukuta uondolewe. Kisha abomoe lipu ya saruji hadi usawa wa kifua, madirisha yabaki wazi wiki sita, kuvu isuguliwe kwa sabuni, mtu akiwa amefunga kitambaa puani. Mwisho chokaa.

Wiki sita hakupewa. Muhire, kiongozi wa mtaa wetu, alisikia kwamba wageni watapita baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuona tulivyowasaidia waliopatwa na mafuriko. Asubuhi ya umuganda, sote tukiwa tumekusanyika, akaja na ndoo tatu za rangi nyeupe. Cassien alimweleza yote. Muhire alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama mfereji utaonekana kwenye picha.

"Mzee Cassien, unaogopa kuvu ama unaogopa kazi?"

Watu wakacheka.

"Naogopa huyu mama atarudi kulala humu. Ukuta iko na maji bado."

"Paka tu, mzee. Utabomoa baadaye."

Akapaka. Tukapaka sote, maana hakuna anayetaka kuwa yule aliyekataa mbele ya wenzake. Hilo bado linanichoma. Umuganda ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo: mikono mia moja, bure, asubuhi moja. Ingeweza kuuchimba mfereji ule kabla ya saa tano. Tuliitumia kuficha kuvu.

Daphrose aliiona picha ya nyumba yake kwenye simu ya Aurore. Hakumuuliza mtu. Alipanda pikipiki na godoro lake, akarudi. Ukuta ulikuwa mweupe, na aliyeupaka ni Cassien, ashuku nini?

Siku ya kumi na sita alipelekwa hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi. Cassien alipomtembelea, Daphrose alisema maneno machache, akipumzika katikati.

"Nilijua wewe... ungeniambia."

Cassien alitoka pale akachukua nyundo. Lipu ilianguka vipande vipande, mbele nyeupe kama sahani, nyuma nyeusi na inatoa maji.

Umuganda uliofuata tulipangiwa kufagia barabara. Cassien alikuwa nyuma ya nyumba ya Daphrose, peke yake, ndani ya mfereji uliomfika magotini. Kazi ilipoisha tukakaa kikao, na Muhire akasoma majina ya waliokosa kufika. Lilikuwa moja tu.