Mashine ya Bibi na Kidole cha Kuonja

Nilipoifungua mashine ya boti ya marehemu bibi, hapa uani Uroa, nilitema mate. Na mimi si mgeni wa uchafu: nina stashahada ya injini za majini, niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu, sikubebwa na mtu. Njia za maji ya kupozea zilikuwa zimezibwa na chumvi iliyoganda kama ukoko wa wali, na kati yake kaa mdogo kaoza. Harufu ile, rafiki yangu, ilinirudisha utotoni.

Kila boti iliporudi, mjomba aliitumbukiza mashine kwenye pipa la maji ya kisima, akaiwasha ili ijisafishe chumvi. Moshi na petroli vilichanganyika na harufu ya vitunguu vya bibi. Kisha bibi aliacha chungu jikoni, akatia kidole kwenye kitundu kinachotema maji, akakilamba! "Bado chumvi. Mwageni, tieni mengine." Halafu kwa kidole kile kile akaonja mchuzi wetu.

"Bibi, huoni kinyaa?"

"Kinyaa? Mbona mchuzi walamba mpaka sahani! Mashine haina mdomo, mjukuu wangu. Tusipoonja sie, nani atasema?"

Bibi alipokwisha kufa, nilikuja likizo na stashahada yangu mpya, nikamfundisha mjomba: iache mashine iungurume pipani dakika kumi, utazame saa, basi. Kulamba ni ushamba. Nikamwachia na saa yangu ya mkononi. "Msomi kasema," akawa anawajibu majirani.

Nilisahau alilolijua bibi: kiangazi kikikaza, kisima chetu huingia chumvi, na maji hutakiwa kutekwa kwingine. Tangu hapo, kila kiangazi, mjomba aliosha chumvi kwa chumvi, dakika kumi kamili.

Mashine ngapi nimezifufua! Waulize wenye boti za Kendwa. Hii nimeikwangua siku tatu, nimeiloweka kwa siki. Leo ukoko wa mwisho ulipobanduka, chini yake palikuwa na tundu. Chuma kimeliwa.

"Itapona, msomi?" mjomba aliuliza.

Nilichovya kidole kwenye pipa lake, nikalamba. Kutu, mafuta, na chumvi tele. Nikatapika pale pale, mbele yake.

Bibi alilamba hivyo kila siku boti iliporudi, kisha akaenda kutupakulia.