Upande wa Kimya

Juzi huko Bumala nilimwona kijana akiosha pikipiki kwa mashine, kifyatulio cha bunduki ya maji amekifunga kwa blada, utepe uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Nilisimama mbali mpaka alipomaliza.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alikuwa akiosha malori yaliyosubiri kuvuka mpaka wa Malaba, na alifunga kifyatulio vivyo hivyo ili kidole kisichoke. Kulinuka dizeli na sabuni.

"Boss, unaosha ama unabembeleza?" dereva alimtania.

"Tulia, mzee. Uganda haihami."

Mimi nilikuwa nikitazama maji. Mdomoni mwa bunduki yalitoka kimya, yamenyooka kama kijiti cha kioo. Mbele kidogo yalitetemeka, kisha yakapasuka meupe, yakinguruma. Niliamini ubaya wote uko kwenye kelele.

Mjomba akateleza. Bunduki ilimponyoka, na kwa kuwa blada haikuachia, mpira wa maji ulijirusha huku na huku kama uliopandwa na wazimu. Ukavunja kioo cha pembeni cha lori, ukamwangusha dereva, kisha bunduki ikakwama chini ya tairi, ikitema maji juu. Nikaenda kuishika mdomoni, pale maji yalipotoka kimya.

Mjomba aliuwahisha mkono wake mbele ya wangu. Maji yakampasua kiganja mpaka nikaona cheupe ndani.

"Zima mashine," alimwambia dereva, polepole kabisa. "Mtoto ako sawa?"

Chuoni nilikuja kujifunza kwamba maji yanayonguruma yameshaanza kuishiwa nguvu. Mjomba bado hunisalimia kwa mkono wa kushoto. Na watu wakigombana, simwogopi anayepiga kelele.